Seti ya stormtrooper imefika Nakuru, nianze wapi?

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia, nafupisha kidogo: "Kaka, ndugu yangu aliye Minnesota amenitumia seti ya deraya ya stormtrooper, wale askari wa filamu za Star Wars, ile nyeupe. Ni boksi kubwa la vipande vya plastiki na hakuna hata karatasi moja ya maelezo. Mimi sijawahi kujenga kitu kama hiki, nina urefu wa sentimita 163 na mwili mwembamba. Nataka niivae kwa komikoni Nairobi, yale maonyesho ya mashabiki wa filamu na katuni. Nianze wapi, na nitajuaje pa kukata?"

Dadangu, kwanza hongera, hiyo seti ni zawadi ya maana sana, na umeniuliza kabla hujaigusa na mkasi, hapo umeshanifurahisha. Wengi hunitafuta wakiwa tayari wamekata paja fupi na wanataka nirudishe kilichokwenda. Kwa hivyo neno langu la kwanza ni hili: mkasi weka mbali kwa siku mbili tatu hivi. Katika kazi hii kuna mambo unayoweza kuyafungua ukarudia na kuna mambo ukishafanya ndio basi, na nitakuelekeza ukae kwenye yale ya kufungua muda mrefu iwezekanavyo.

Uelewe kwanza kwa nini vipande viko hivyo vilivyo. Plastiki ile inaitwa ABS, inakuja kama karatasi ngumu ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 hivi, inapashwa moto mpaka inalegea kama chapati ambayo haijaiva, alafu inalazwa juu ya umbo na hewa inavutwa kwa chini, plastiki inajibandika kwenye lile umbo na kupoa. Ndio maana kila kipande kina mabaki ya plastiki pembeni kama sketi, ile sketi sio sehemu ya deraya, ni ya kukatwa. Na ndio maana pia sehemu zilizoingia ndani sana ni nyembamba kuliko zingine, plastiki imevutika pale, ukisugua na msasa kwa nguvu utatoboa.

Hata zile za filamu yenyewe, Star Wars ya 1977, zilitengenezwa kwa njia hii hii. Uingereza kuna bwana Andrew Ainsworth aliyezifinyanga kwa plastiki. Nakutajia hayo kwa sababu moja: zile za mwanzo hazikuwa na ulinganifu, upande wa kushoto wa uso wa helmeti haufanani na wa kulia, na seti nyingi nzuri zimefuata umbo lile lile. Ukiona jicho moja limekaa tofauti na lingine usidhani umeuziwa kitu kibovu ukaanza kukipasha moto kukinyoosha. Kiache.

Sasa leo usiku fanya hivi. Mwaga vyote sakafuni, chukua masking tepu na kalamu, kila kipande kiandike jina na upande. Utakuwa na kifua na mgongo, tumbo, kiuno cha nyuma, sehemu ya mbele ya chini na ya makalio, mabega mawili, alafu mikono ya juu, vigasha, mapaja na magoko, hivi vinne kila kimoja kimekuja nusu nusu, mbele na nyuma. Kuna sahani mbili za kufunika migongo ya viganja, sahani moja ya goti ambayo ni ya mguu wa kushoto peke yake, mkanda na visanduku vyake, mstari wa visanduku vidogo unaokaa chini ya paja la kulia, ile silinda ya nyuma ya kiuno, na helmeti ya vipande vya mbele, nyuma na masikio mawili. Piga picha kila kitu. Kujua nusu ipi ni ya kushoto na ipi ya kulia ni kazi kwa mgeni, linganisha na picha za suti iliyokwisha, usikisie, kwa sababu kosa la hapa hulioni mpaka gundi imekauka.

Mstari wa kukata utauona, kuna mahali umbo linaisha na sketi inaanza, kama ukingo. Chora kwa penseli. Kwa mistari iliyonyooka usitumie mkasi kabisa, chukua kisu cha blade za kuvunjika, weka rula ya chuma, kwaruza mara tatu nne bila kukandamiza, alafu kunja ile sketi, itakatika yenyewe safi kabisa. Kwa mizunguko tumia mkasi wa mabati wa mafundi, lakini ule una meno na unaacha alama, kwa hivyo kata milimita mbili tatu nje ya mstari wako na umalizie na msasa, namba 120 kwanza, alafu 220, alafu 400 ukitaka ukingo uteleze. Vaa barakoa ukisugua, na usifanye jikoni, ule unga mweupe unashika kila kitu mpaka kwenye unga wa ugali. Kama kuna mtu atakuazima ile mashine ndogo ya kuzunguka ya kusugulia, iendeshe polepole, ikienda kasi haikati, inayeyusha.

Anza na vigasha. Nasisitiza sana hapa kwa sababu kila mgeni anataka kuanza na helmeti, najua, ndio yenye sura, lakini helmeti ndio ngumu kuliko vyote na wewe mkono wako bado haujazoea plastiki hii. Vigasha ni vidogo, vimenyooka, na ukikosea kidogo haionekani sana. Ukitoka hapo nenda mikono ya juu, magoko, mapaja, kiwiliwili, na helmeti mwisho.

Sasa tuje kwenye kupima, hapa ndio roho ya kazi na hapa ndio nataka utulie. Maumbo ya hizi seti mengi yametoka kwa wanaume warefu kuliko wewe kwa kichwa kizima karibu, kwa hivyo utapunguza urefu na utapunguza mzunguko, na hayo ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye.

Mzunguko kwanza. Vaa zile nguo nyeusi za kubana utakazovaa ndani siku yenyewe, sio jinzi, sio dera la nyumbani. Funga nusu mbili za kigasha mkononi kwa masking tepu, na usibane sana. Utaona zinapandana. Unachopunguza kigawe sawa sawa pande zote mbili za kiungo, yaani kama umezidi sentimita mbili toa moja huku na moja huku, ukitoa zote upande mmoja ule mstari wa katikati unahamia pembeni na mkono unaonekana umepinda. Acha nafasi ya kidole kimoja kuzunguka. Kwa paja acha zaidi, na pima ukiwa umesimama, alafu pima tena ukiwa umekaa, kwa sababu paja likikaa linanenepa. Mi nililijua hilo kwa machungu. Suti yangu ya kwanza nilipima nimesimama tu, nimevaa bukta, nikakata, nikabandika kwa supaglu usiku ule ule kwa haraka ya kwenda nayo kwa maonyesho ya watoto, asubuhi navaa, natembea vizuri, nafika kwenye ngazi siwezi kuinua mguu. Nikajaribu kubandua kile kiungo, supaglu haibanduki, plastiki yenyewe ndio ilichanika mpaka katikati ya paja. Siku hiyo sikwenda, na kuna watoto niliwaahidi. Nakumbuka mpaka leo.

Urefu sasa. Paja likate juu, usilikate chini, kwa sababu lile la kulia chini ndio panapokaa vile visanduku na hayo mapaja mawili lazima yafanane. Toa sentimita moja, vaa, tembea, chuchumaa kidogo, toa nyingine. Juu kwa ndani fuata mkunjo wa kinena, pasikuchune. Ugoko unapunguzwa chini pale kifundoni, na kwa nyuma juu chini ya goti, pale ndipo panapokata nyama ukikunja mguu, pachonge kwa duara. Kigasha toa upande wa kiwiko mpaka uweze kukunja mkono ukagusa bega. Tumbo na kifua vinaingiliana, kwa hivyo kwa mfupi unaviingiza zaidi kabla ya kufikiria kukata. Kiuno cha nyuma na pande zake usikikate mpaka mwisho kabisa, maana maumbo haya hayakufikiria nyonga za mwanamke, na inawezekana pale usipunguze kitu chochote hata kama kwingine kote umepunguza. Funga kwa tepu, vaa suti nzima ya tepu, zunguka nayo nyumbani hata nusu saa. Mtu akikucheka mwache. Hiyo nusu saa ya tepu inakuokoa wiki nzima ya gundi.

Gundi. Wanaojenga hizi suti wengi wanatumia E6000, na mi pia, ni gundi nzito kama jeli, ikikauka inabaki na ulaini fulani kama mpira, deraya ikigongwa haipasuki, na la muhimu zaidi, ukikosea unaweza kuibandua pole pole kwa kuvuta bila kuua plastiki. Shida yake ni uvumilivu, inataka saa 24 kabla hujaigusa na kama siku tatu kushika kikamilifu. Mwambie ndugu yako wa Minnesota akutumie tyubu mbili tatu na mtu anayekuja. Itumie madirisha yakiwa wazi, ule moshi wake sio wa kuvuta, usilale kwenye chumba hicho. Kabla ya kupaka, kwaruza pande zote mbili na msasa wa 120, futa vumbi kwa spiriti. Sio asetoni, asetoni inayeyusha ABS. Supaglu mi sikukatazi kabisa kwa vitu vidogo ambavyo una hakika navyo, ila viungo vya mwili hapana, inakauka ngumu kama kioo na mapaja yanagongana kila hatua.

Kiungo chenyewe kinafanywa hivi: nusu mbili zinakutana ukingo kwa ukingo, hazipandani, kwa ndani unabandika utepe wa plastiki uliokata kutoka kwenye zile sketi (ndio, usitupe sketi hata moja), ikikauka unaweka utepe mwingine kwa nje kufunika mstari. Wenye kufuata suti ya 1977 wanatumia utepe wa milimita 15 kwa mikono, 20 kwa mbele ya miguu na 25 kwa nyuma. Wakati gundi inakauka kitu kishikiliwe, wenzetu ng'ambo wanatumia sumaku ndogo kali, sisi tuna kitu kizuri zaidi, mpira wa tyubu ya baiskeli. Kata tyubu kuu kuu iwe kamba ndefu, zungushia paja lote, linabana kila mahali sawa sawa na haliachi alama. Vibanio vya nguo kwa kingo. Ugoko ubandike mbele peke yake, nyuma uache wazi ufungwe kwa velkro, usipofanya hivyo mguu hautapita.

Ukikuta ugoko au mkono haukutani vizuri na unataka kuukunja kidogo, tumia maji ya moto, usitumie mashine ya hewa moto. ABS inaanza kulegea kwenye nyuzi 105 hivi, na maji kule kwenu Nakuru, mlivyo juu karibu mita 1,850, yanachemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hivyo hata ukisahau hayawezi kuiyeyusha, yanailainisha tu kiasi cha kukubali mkono. Sufuria kubwa, glavu nene, dakika moja hivi, kunja, shikilia, alafu tia kwenye maji baridi. Haikutosha, rudia. Ile mashine ya hewa moto inafanya kazi hiyo hiyo kwa sekunde chache na sekunde moja ikizidi umepata kovu la kudumu. Nimeona kifua kizima kimeharibika hivyo.

Na ukikosea mkato? Hapa nina habari njema. Vunja vunja zile sketi ziwe vipande vidogo, weka kwenye chupa ya glasi, mimina asetoni kidogo, funga, kesho yake utakuta uji mweupe wa rangi ile ile kabisa ya deraya yako kwa sababu ni deraya yako. Huo uji unajaza ufa, unajaza tundu, unaunganisha kipande ulichoongeza, ukikauka unasugua na msasa na mtu hajui palikuwa na kitu. Paka kwa tabaka nyembamba, ukijaza nene unalainisha plastiki ya chini na kuipinda. Asetoni inashika moto haraka mno, usiwe nayo karibu na jiko wala mshumaa, na mtu asivute sigara humo ndani. Lile paja langu lililochanika ndivyo nilivyolifufua, na bado nalivaa.

Ile plastiki nyeupe haihitaji rangi, usiipake spray, uzuri wake wote ni ule mng'aro wake. Alama ndogo nyeusi na za kijivu za kwenye helmeti na vifungo vya tumboni zipake kwa brashi na rangi ya mafuta, kwa sababu ukikosea unafuta na tapentaini.

Kufunga vipande mwilini, tafuta fundi wa mabegi. Hapa Mombasa mi naenda Mwembe Tayari, Nakuru hawakosi. Unataka mkanda wa begi wa nailoni, lastiki pana, na vile vifungo vya chuma vya kubonyeza. Kata mraba mdogo wa mkanda, fundi akugongee kifungo, ubandike ule mraba ndani ya deraya kwa E6000, alafu lastiki zinaenda kutoka kifungo hadi kifungo. Lastiki ikikatika siku ya shughuli unabadilisha kwa dakika moja. Uzito wote uning'inie mabegani: kifua na mgongo vinashikana kwa juu, tumbo linaning'inia kwenye kifua, kiuno kwenye mgongo. Mapaja yafungwe kwenye mkanda wa ndani unaovaa chini ya deraya, bila hivyo yatakushuka mpaka magotini.

Helmeti. Funga mbele na nyuma kwa tepu, vaa, mtu akutazame kama imekaa sawa, ndipo utoboe tundu za skrubu. Masikio yatakuchosha. Yanakuja na ukingo uliozidi na lazima yafuate mkunjo wa helmeti bila mwanya, unasugua milimita moja, unajaribu, unasugua, unajaribu, mara ishirini, thelathini, na hakuna njia ya mkato, mi sikio moja hunichukua jioni nzima. Kioo cha macho ni cha kijani, na mafundi wa jua kali watakupa kile cha kuchomelea vyuma. Uwe makini, kile cha kawaida cha welda ni namba 10 au 11, ukikivaa hutaona hata mkono wako, omba namba 3, au 5 ikikosekana. Ndani bandika sponji kichwa kisicheze, na feni ndogo ya kompyuta yenye betri ukiweza. Kioo kikishika mvuke, paka sabuni ya vyombo kidogo kwa ndani na ufute kwa kitambaa kikavu.

Viatu ni buti fupi nyeupe zenye lastiki pembeni. Nyeupe ni ngumu kupata, nunua za ngozi mtumba za rangi yoyote na fundi viatu azipake. Glavu nyeusi, shingo nyeusi, kwisha.

Kama siku moja utataka kujiunga na wale 501st Legion, kundi la wanaovaa suti hizi za Star Wars lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 na Albin Johnson, angalia vipimo vyao kabla ya kubandika chochote maana wanakagua suti kwa picha, kipande kwa kipande. Uwe umetimiza miaka 18. Hawachukui malipo, kazi yao kubwa ni kutembelea hospitali za watoto na kuchangisha, na hiyo ndiyo sababu mimi nilipenda kazi hii, sio filamu.

Siku ya kuvaa uwe na mtu wako wa kukushika mkono, ndani ya ile helmeti miguu yako huioni na mtoto mdogo aliyesimama mbele yako humuoni. Dakika 45, alafu toa helmeti, kunywa maji, kaa kwenye kivuli. Kuingia Nairobi usivae kwenye matatu, beba kwenye boksi lake na usiiache kwenye buti ya gari juani, inapinda, na jua la kila siku linaigeuza njano.

Leo usiku basi ni tepu na kalamu, kesho kutwa vigasha. Ukifika kwenye mapaja niandikie tena kabla hujakata, nipe kipimo cha paja ukiwa umesimama na ukiwa umekaa, vyote viwili.